Kiti cha Pembeni ya Usukani

Siku mliponiaga pale karakana, mmoja wenu alisema, "Mzee Nasoro, tuandikie hayo unayoyajua, usiondoke nayo." Nilidhani ni maneno ya adabu tu, ya kusindikizia keki. Lakini mmenipigia simu kuuliza nimefika wapi, na mimi siku hizi asubuhi sina pa kukimbilia, basi naandika. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu nyinyi watatu mnakisoma, na kwa sababu humu nyumbani kwangu Kandara, hapa Jeddah, hakuna tena wa kukizungumza naye. Anayetaka kujua nilipandishwa cheo lini na nililipwa nini akaulize ofisini. Mimi nitaandika maboti.

Nililetwa Jeddah nikiwa mchanga, mikononi mwa mama, baada ya mapinduzi ya Unguja, kama wengi wa rika langu. Tulikulia Balad, mji mkongwe, ghorofa ya juu, ndani Kiunguja na nje Kiarabu cha Hijazi. Baba alitaka niwe karani. Mimi nilikuwa nikitoroka kwenda hori ya Obhur kutazama maboti ya matajiri, na ndevu zilipoanza kuniota mjomba alichoka kunitafuta, akanipeleka kwa Ammi Idris. Huyu alikuwa mtu wa Massawa, na kazi yake ilikuwa kukagua maboti ya starehe kabla hayajauzwa. Alikuwa mfupi, mkali, na aliyachukia maneno. Siku ya kwanza hakuniuliza hata jina. Alinionesha kiti cha mbele kabisa ya boti, akasema, "Kaa." Akashika usukani, akatoka nami nje ya hori mpaka penye mawimbi, akanirusharusha mpaka nikatapika chai yote. Tuliporudi gatini ndipo aliponisemesha tena.

"Boti zuri au baya?"

"Baya, Ammi."

"Kwa nini?"

"Limenitapisha."

"Vizuri," akasema. "Wenzako huniambia zuri, wasije wakaonekana wametapika." Akanipa ndoo nioshe. Nilikuwa nimeajiriwa.

Kanuni yake ilikuwa moja, na ndiyo niliyotaka kuwaachia nyinyi kuliko yote. Mnunuzi, alisema, atakaa penye usukani, na penye usukani kila boti ni zuri. Wewe kaa anapokaa mama wa watoto wake. Sisi tunasema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Yeye hakuwa na methali, alikuwa na viti. Kila boti lililopita mikononi mwetu tulikaa viti vyake vyote, kimoja kimoja, likienda na likisimama, kisha tukabadilishana. Wauzaji walitucheka, wakauliza sisi ni wakaguzi au ni abiria. Ammi Idris hakuwajibu. Alikuwa na umri wa kutosha kujua kwamba anayecheka hakai kiti cha mbele.

Aliniachia na kinyundo, kile chenye kichwa cha plastiki ambacho mmeshaniona nikitembea nacho mfukoni kama mganga. Faiba, ndiyo ngozi ya boti, ikiwa nzima ukiigonga inajibu ko, ko. Iliyooza ndani inasema pu. Kuna bwana mmoja aliwahi kuniletea boti linalong'aa mpaka unajiona uso, nami nikaligonga likasema pu kuanzia mbele mpaka nyuma. "Lakini tazama rangi yake," akasema. Nikamwambia hata makaburi hupakwa chokaa. Hakunisemesha tena, na boti lile nilikuja kuliona likiuza juisi kando ya barabara. Juisi yake ilikuwa nzuri.

Sasa niseme kidogo kuhusu matumbo, kwa sababu bila hayo habari yangu haitaeleweka. Tumbo la boti ni ile sehemu inayokaa majini, na maboti mengi ya starehe yanayouzwa hapa ni ya namna mbili. Lipo la kabari, ambalo tumbo lake limechongoka katikati, nalo hulikata wimbi likapita laini. Ubaya wake ni kwamba likisimama linakwenda mrama, ubavu huu na ubavu ule, mpaka abiria wanaanza kuulizana nani kachukua ndimu. Na lipo la pacha, lenye matumbo mawili membamba yaliyoshikwa juu kwa sakafu moja, maji yakipita kati. Hilo likisimama limetulia kama jamvi. Lakini lipeleke mbio dhidi ya mawimbi mafupi uone: maji yanabanana katikati na kuipiga sakafu kutoka chini, pa, pa, na kila pigo linapanda na uti wako wa mgongo. Mtu akikwambia moja ni zuri na jingine baya, huyo ana moja la kuuza.

Jambo la mwisho la kazi, halafu niingie kwenye habari. Msijaribu boti asubuhi. Asubuhi maji ya Obhur yamelala, hata beseni la kuogea lingependeza. Upepo wa kaskazini unaamka mchana, na alasiri bahari inasema ukweli. Watu wa Riyadh wanakuja na ndege ya asubuhi, wanajaribu, wanalipa, wanakula samaki, wanarudi. Bahari wanakutana nayo safari ya pili.

Zuwena, mke wangu, alifariki nikiwa bado na miaka kadhaa ya kazi mbele. Figo. Wale mliokuja karakana baadaye hamkumjua, na sitaki kumwandika hapa kwa haraka. Nitasema tu kwamba zamani Ijumaa nyumba yetu ilijaa watu wa kwetu, wanawake jikoni wakimimina mikate, wanaume sebuleni wakibishana kuhusu mitaa ya Unguja ambayo nusu yao hawakuwahi kuiona. Wazee wakazikwa mmoja mmoja. Vijana wakaenda Muscat na London. Moza, binti yangu pekee, yuko Muscat na mume na watoto. Matanga yalipokwisha nilirudi kazini mara moja, kwa sababu kazini kulikuwa na kelele. Mchana nilikula kwa yule Myemeni mwenye mkahawa jirani na karakana, ambaye alikuwa ananiletea wali na kuku kabla sijafungua mdomo, na siku nyingine nilirudi nyumbani nikagundua kwamba sijafungua mdomo tangu asubuhi. Upweke una uvivu wake. Unauzoea mpaka ulimi unakuwa mzito.

Ndiyo hali niliyokuwa nayo alipokuja Abu Rakan kutoka Riyadh.

Alikuwa rika langu, amestaafu serikalini, mrefu, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Alikuja na mkewe na mfanyakazi wao wa ndani. Alitaka boti la kutokea baharini Ijumaa na Jumamosi, msimu wa baridi. Tulikuwa na maboti mawili yaliyomfaa kwa ukubwa, moja la kabari na moja la pacha. Akalipiga teke tairi la trela, kama wanavyofanya wote, akauliza boti linakwenda mbio kiasi gani. Nikamwomba asubiri mpaka alasiri. Akanung'unika, akaenda kunywa kahawa.

Mkewe alibaki kivulini gatini, kwenye kiti cha plastiki, mkono mmoja umeshika kiuno. Nilijua mgongo mbovu nikiuona. Mfanyakazi wao alikuwa dada wa Kikenya, mwembamba, mwenye kutazama maji kama yanamdai. Boti la jirani lilipopita na kutikisa gati, akasema peke yake, "Ai, hii kitu itanimaliza leo."

"Haikumalizi, mwanangu," nikamwambia. "Inakutikisa tu."

Aligeuka ghafla. "Wooi! Mzee, unajua Kiswahili?"

"Ndicho cha nyumbani. Wewe ni wa wapi?"

"Bungoma. Naitwa Nekesa. Bahari mimi nilikuwa naionanga tu kwa tivii." Akacheka, akatupa jicho kwa madam wake, akashusha sauti. "Leo baba ametuamsha mapema, ati tunaenda kuchagua boti. Madam hata hakuulizwa."

Alasiri ilipofika tukatoka na lile la kabari. Boti hilo ni jembamba. Usukani uko katikati na kiti chake ni cha mtu mmoja, na abiria wanakaa mbele, wameipa bahari mgongo, wakimtazama anayeendesha. Abu Rakan akashika usukani. Madam na Nekesa wakakaa mbele, mimi nikasimama nyuma. Mawimbi yalikuwepo, na kabari likayakata vizuri, hakuna pigo hata moja. Abu Rakan alifurahi kama aliyepewa farasi. Kila baada ya muda alipaza sauti: "Nekesa! Mwambie madam ashike! Mwambie madam atazame kule!" Nekesa alikuwa hasikii, anauliza "Nini, baba?" na upepo unachukua na lake pia. Tuliposimama boti likaanza mrama wake, na madam akafumba macho.

Kisha tukatoka na pacha. Hilo ni pana, kwa hiyo penye usukani pana viti viwili, bega kwa bega. Madam alikaa cha pembeni kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu na ngazi. Tukaingia kwenye mawimbi, na sakafu ikapigwa, pa, pa, nami nikiwa mbele nikaona kila pigo likimkunja yule mama uso. Abu Rakan naye aliona. Akarudisha boti gatini mapema kuliko tulivyopanga.

"Halas," akaniambia aliposhuka. "Lile la kwanza. Hili linavunja watu."

Mgongo mbovu na matumbo mawili havipatani. Hata Ammi Idris angesema hivyo. Nilikwenda bombani na ndoo kuchukua maji ya kuoshea chumvi, Nekesa akanifuata na chupa mkononi, kama anakuja kujaza.

"Mzee, baba amechukua gani?"

"La kwanza. Ni laini kwa mgongo wa madam wako."

"Madam anataka ile ingine."

"Lile limemuumiza, mwanangu. Nimemwona."

"Imemuumiza, ndio. Lakini anaitaka." Akafunga bomba ili tusikilizane. "Mzee, hawa watu hawaongeanga. Hawajakosana, hapana. Baba ako kwa majlisi yake na wanaume, madam ako kwa upande wake. Watoto walienda. Baba akitaka kitu ananiambia, 'Mwambie madam.' Madam naye, 'Mwambie baba.' Wakiwa kwa gari moja, bado ni mimi. Mimi ndio simu yao. Sasa kwa hii boti ya pili nilikuwa huko nyuma, nimeshikilia chuma nikiomba Mungu, na baba akaongea na madam mwenyewe. Akamwonesha ndege. Akamuuliza kama anasikia baridi. Madam alinishika mkono tukishuka, akaniambia, 'Nekesa, ameniuliza kama nasikia baridi.'"

Alinitazama kama anayesubiri nifanye kitu. Nilielewa basi ni nini kilichokuwa kinachaguliwa pale. Akinunua kabari, mama yule atakaa mbele na mfanyakazi, salama, laini, akitazamana na mumewe kwa mbali bila kusikilizana, na hivyo ndivyo watakavyomaliza umri wao. Akinunua pacha atapata mume, na atapigwa mgongo. Na yeye alikuwa ameshachagua, ila hakuna aliyemuuliza.

Mkae mkijua, wanangu, kwamba hapa hakuna njia ya fundi kumwambia mteja habari za mkewe. Huulizi hali yake, humtaji, huna hata ruhusa ya kuwa umemwona. Ningesema "madam anapenda lile jingine," Abu Rakan angeuliza nimejuaje, na Nekesa angepandishwa ndege ya kwanza. Nilikaa na ile ndoo nikifikiri. Nilikumbuka nilivyomwonesha Zuwena blanketi la hospitali dakika za mwisho, nikimuuliza baridi, baridi? Naye alikuwa hana tena sauti ya kujibu. Nikaona siwezi kuacha swali kama lile lipotee kwa mtu mwingine.

Nikarudi kwa Abu Rakan. "Bosi," nikamwambia, "kwetu boti haliuzwi mpaka mnunuzi akalie viti vyote. Ndiyo kazi yetu."

"Nimeshaendesha."

"Umeendesha. Hujakaa."

Alinitazama kama anayetafuta dharau usoni mwangu, hakuiona, akasema, "Yalla." Tukatoka wawili tu na lile kabari. Nilishika usukani, naye nikampeleka kiti cha mbele, pale pale alipokaa mkewe. Nikaingia kwenye mawimbi kwa mwendo ule ule aliokwenda yeye. Niliuona mdomo wake ukifunguka na kufungika. Alinyoosha mkono kuelekea kitu fulani, akasema, nikatikisa kichwa kwamba sisikii. Akasema tena. Mwishowe akaacha, akakaa kimya mikono mapajani, na kwa namna alivyokaa hakuwa tena mtu wa kusikilizwa. Nilimzungusha mpaka nikaona inatosha.

Gatini hakushuka mara moja. "Huko mbele hakusikiki kitu," akasema.

"Hakusikiki."

"Nilikuita."

"Sikukusikia, bosi."

Akatazama kule kivulini, ambako mkewe alikuwa amekaa na Nekesa, kisha akatazama maji. "Na lile la pacha," akasema polepole, "kupiga kwake hakuna dawa?"

"Ipo."

"Kifaa gani?"

"Dereva," nikamwambia.

Alilichukua lile la pacha, akarudi wiki iliyofuata peke yake nimfundishe. Sijawahi kuwa na mwanafunzi mwenye ndevu nyeupe wala mwenye bidii namna ile. Nilimwonesha: usilipeleke pacha likakutane na wimbi uso kwa uso, lipitishe mshazari. Ukiliona wimbi linakuja, punguza mwendo kabla, si baada. Liache boti lipande, likishamaliza kushuka ndipo uongeze. Anayeendesha hivyo hafiki haraka. Alikosea, akapigwa, akarudia. Akaleta mto wa kiti cha pembeni, akaukalia mwenyewe kwanza huku mimi nikiendesha, akasema haufai, akaleta mwingine. Habari ya nani atakayeukalia haikutajwa hata siku moja, na mimi sikuuliza.

Msimu ule wote walikuja. Nekesa alikuwa anabaki gatini na mimi, maana wenyewe hawakumhitaji tena. "Mzee," aliniambia siku ya kwanza, akijichekea, "nimefutwa kazi ya simu." Tulikuwa tunakunywa chai ya maziwa kwenye vikombe vya karatasi na kulitazama lile boti likitoka, vichwa viwili bega kwa bega, likipunguza mwendo kila wimbi linapokuja, mpaka linakuwa nukta. Yeye alinisimulia Bungoma, mimi nikamsimulia Unguja nisiyoikumbuka. Alinirekebisha Kiswahili changu, mimi nikamrekebisha chake, na hakuna aliyekubali. Sijui kama alijua kwamba zile Ijumaa na Jumamosi ndizo siku pekee nilizokuwa nazungumza kwa muda mrefu hivyo. Jumamosi jioni walirudi Riyadh, nami nikarudi Kandara, nikapanda ngazi, nikafungua mlango wa nyumba isiyokuwa na mtu.

Walikuja na msimu wa pili. Wa tatu hawakuja. Kabla ya Ramadhani Nekesa alipiga simu. Alilia kwanza, kisha akasema, "Mzee, madam ametuacha."

Nilipanda basi kwenda Riyadh, safari ya kutwa nzima, jangwa kushoto na jangwa kulia. Nikapata chumba mtaa wa Batha, penye kelele za kila lugha. Katika umati ule nilisikia Kiswahili kikipita karibu yangu zaidi ya mara moja, na sikugeuka. Sijui kwa nini. Labda ningegeuka ningelazimika kueleza nimekuja kufanya nini. Msibani nilikaa karibu na mlango, wakubwa wakiwa mbele. Abu Rakan alipofika kwangu aliushika mkono wangu asiuachie.

"Umekuja kwa basi?"

"Naam."

"Mbali."

"Mbali, bosi. Allah amrehemu."

Nilipotoka, Nekesa alinikuta penye geti, ametoka na mfuko wa takataka ili tuweze kusimama. Alikuwa amekonda. "Mimi narudi nyumbani, Mzee," akasema. "Karatasi zangu zimekwisha kutengenezwa. Nyumba haina madam, nitamfanyia nani kazi?" Akasita. "Hospitalini baba alikuwa anakaa karibu na kitanda akiongea naye tu. Mchana wote. Mimi nilikuwa nakaa huko kwa koridoo, hakuna aliyeniita." Akafuta uso kwa mkono wa nguo. "Ukikunywa chai pale kwa maji unikumbuke." Nilimwambia nitamkumbuka, na nimefanya hivyo.

Msimu wa baridi uliofuata ndio ulikuwa wa mwisho wangu kazini. Nyinyi mlikuwa mmeshaanza kuninunulia zile zawadi zenu kwa siri, mkidhani sioni. Abu Rakan akaja peke yake. Amepungua, na ile sauti ilikuwa imeondoka. Alisimama mbele ya boti lake la pacha, lililokuwa gatini muda wote huo limefunikwa turubai, asiliguse.

"Ya Nasoro, nataka kulibadili."

"Kwa lipi?"

"Lile la kabari. Lenye kiti kimoja." Akaelekeza kidole kwenye turubai. "Hili siwezi. Nikikaa, kile cha pembeni kipo."

Nilitaka kumwambia sawa. Ni haki yake, na la kabari ni boti zuri, na wakati ule tulikuwa nalo moja kama lile la kwanza. Lakini kazi ni kazi mpaka siku ya mwisho. Nikamwambia twende tukalikalie. Alasiri, upepo ulipoamka, nikamwachia usukani, mimi nikasimama nyuma yake kama zamani. Kulikuwa hakuna mtu mwingine. Tukatoka horini, kabari likakata mawimbi laini, na mbele yetu, katikati kabisa ya macho yake, kile kiti cha abiria kilikuwa kimemwelekea yeye, kitupu, kinapanda na kushuka na bahari. Hakuwa na pa kutazama pengine; ukiendesha lazima utazame mbele. Alivumilia kidogo tu. Akapunguza injini, akaliacha boti liende mrama wake.

"Hiki kibaya zaidi," akasema.

"Ndiyo."

"Ulijua?"

"Nilijua. Ila kuambiwa hakutoshi."

Akakaa na mikono juu ya usukani. Nikamwambia basi jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu, wala Moza. Zuwena alipofariki, binti yangu alikuja kutoka Muscat, akaniambia kile kitanda chetu kikubwa kitaniua, bora nichukue kidogo. Alisema kwa huruma. Tukakiuza kikubwa, nikanunua cha mtu mmoja, kimesukumwa ukutani. Tangu siku ile sijalala vizuri hata kidogo. Kwenye kile kikubwa nilikuwa nikigeuka naukuta upande wake. Ni mtupu, lakini ni wake, najua pale ndipo asipokuwepo. Kwenye hiki nikigeuka naukuta ukuta. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Mimi nawaheshimu wahenga, lakini wale walilala wawili.

Abu Rakan alisikiliza yote. Hakunipa pole; nashukuru. Alisema tu, "Turudi."

Tukarudi, tukalifunga lile la kabari mahali pake. Akaenda mwenyewe kwenye pacha, akafungua turubai, akakunja vizuri. Mto ulikuwa bado upo kwenye kiti cha pembeni, umepauka. Akaukung'uta vumbi, akaurudisha pale pale. Kisha akakaa penye usukani na kuniashiria niingie. Mkono wake ulionesha kile kiti.

"Hapana, bosi," nikasema. "Hapo pana mwenyewe."

Akaitikia kwa kichwa. Nikapita nikaenda kukaa mbele peke yangu, nikashika chuma.

Nje ya hori upepo ulikuwa mkali na mawimbi mafupi, ya aina ile ile inayolipiga pacha sakafuni. Nilikaza mwili nikisubiri pigo la kwanza. Halikuja. Lilipotokea wimbi, alipunguza mwendo kabla, akalipitisha boti mshazari, akaliacha lipande na kushuka taratibu, kisha ndipo akaongeza. Na lililofuata akafanya vile vile, na lililofuata. Tulitambaa namna hiyo bahari nzima ile, maboti ya vijana yakitupita na kutupigia honi. Mimi mgongo wangu ni mzima, na yeye anajua.